Malkia wa Mwali na Duke wa Imerina

Tamthilia ya "Sultan" ilipokuwa ikirushwa na Azam TV kwa sauti za Kiswahili, barazani Mwananyamala, kuanzia Kwa Kopa hadi Msisiri, watu walimjadili Hurrem, mke wa Sultani Suleiman wa Istanbul, kama jirani yao: nani kamtilia nani fitina, mtoto wa nani atarithi kiti. Enzi hiyohiyo ya Suleiman inagusana na Ufaransa kupitia mama mmoja. Mfalme Francis wa Kwanza alipotekwa vitani Pavia mwaka 1525, mama yake, Louise wa Savoy, alituma ujumbe Istanbul kumwomba sultani msaada.

Wenye ving'amuzi na vifurushi vya intaneti sasa wanazifuata hata tamthilia za majumba ya wafalme wa Ufaransa. Sina ugomvi nao. Ni kazi nzuri. Ila pwani yetu ina visa vya kifalme ambavyo Ufaransa imo ndani yake, na inaniuma kwamba mtazamaji wa Dar es Salaam anaifahamu Versailles kabla ya kuifahamu Fomboni, mji wa kisiwa cha Mwali huko Komoro.

Tuanzie Unguja. Khalid, mwana wa Sayyid Said, alipenda sana mambo ya Kifaransa, hata shamba lake akaliita Marseille. Mwaka 1859 shamba hilo likawa ngome ya Barghash alipomwasi kaka yake, Sultani Majid. Barghash aliungwa mkono na balozi wa Ufaransa. Majid alishikwa mkono na Mwingereza. Binti wa miaka 15, Sayyida Salme, ndiye aliyekuwa akiwaandikia waasi barua, kwa kuwa alijifundisha kuandika kwa siri. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa akiwa amejifunika nguo za kike, wakapita naye mbele ya askari. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Majid akaendelea kutawala. Miaka michache baadaye akaanza kuujenga mji wa Dar es Salaam.

Lakini ningepewa kamera leo, ningevuka hadi Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote katika visiwa vinne vya Komoro. Ramanetaka, mtu wa ukoo wa kifalme wa Imerina huko Madagaska, alikimbia mwaka 1828 Malkia Ranavalona wa Kwanza aliposhika kiti huko, akasilimu, akakitwaa kisiwa hicho. Alipofariki mwaka 1842 alimwachia utawala binti yake, Jumbe Fatima, mtoto wa miaka kama mitano hivi.

Wafaransa, waliokwisha kuichukua Mayotte, walimletea mtoto huyo mlezi wa Kizungu, Madame Droit, amfundishe lugha na adabu zao. Wakubwa wa kisiwa hawakupendezwa. Mlezi akaondolewa, na mwaka 1852 Fatima akaozwa kwa jamaa wa nasaba ya sultani wa Zanzibar. Wafaransa nao hawakutulia: mwaka 1860 mume huyo akafukuzwa kisiwani. Tuseme wazi, mlezi na mume walikuwa silaha za kisiasa sawa na mizinga, na msichana aliyekuwa katikati hakuulizwa.

Kisha akaja Joseph Lambert, mfanyabiashara Mfaransa aliyeshiriki njama ya kumpindua Ranavalona mwaka 1857. Radama wa Pili alipotawazwa alimpa cheo cha Duke wa Imerina. Yaani hapa tuna kabaila wa Kifaransa ambaye ukabaila wake ulitoka mkononi mwa mfalme wa Kimalagasi! Radama alipouawa mwaka 1863, Lambert alihitaji makao mapya. Mwaka 1865 Fatima alitia saini mkataba uliompa haki ya kutumia ardhi ya Mwali kwa mashamba makubwa.

Sehemu hii ndiyo isiyostahili kukatwa na mhariri yeyote wa filamu. Mapenzi, ushungi na vito vitapata nafasi yake, lakini karatasi ile ndiyo iliyoiuza enzi. Wazee wa Mwali walipotaka kuufuta mkataba, manowari za Ufaransa ziliipiga Fomboni mwaka 1867, na Fatima akaacha kiti. Mwaka uliofuata alisafiri mwenyewe hadi Ufaransa kupeleka malalamiko yake kwa Napoleon wa Tatu. Hakukipata alichokifuata. Alirudi kutawala mwaka 1871, akaishi kumzika Lambert, aliyefia kisiwani mwaka 1873, naye akafariki mwaka 1878.

Mwali ikawekwa chini ya himaya ya Ufaransa mwaka 1886. Binti wa Fatima, Salima Machamba, aliitwa sultani miaka miwili baadaye, lakini alilelewa Réunion, mbali na watu wake. Huko, mwaka 1901, aliolewa na askari wa Kifaransa, Camille Paul, akahamia naye Ufaransa na kuishi kijijini hadi alipofariki Pesmes mwaka 1964. Wakati huo Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimekwisha kuungana, na wapo wazee wetu hapa Kinondoni waliokuwa hai siku zake. Waigizaji tunao, waingiza sauti tunao, majahazi na majumba ya mawe bado yapo. Anayesubiriwa ni mwandishi wa muswada.