Ufanisi, Tija na Maji ya Uvira

Katika hotuba za viongozi, "ufanisi na tija" hutajwa pamoja kama mapacha, na mara nyingi msemaji mwenyewe hawezi kuwatofautisha. Tija si ngumu: ni kile kinachopatikana kwa kila kipimo cha nguvu, muda au fedha. Pampu inayosukuma maji mengi zaidi kwa umeme uleule imeongeza tija. Ufanisi umezaliwa na "kufana", kama sherehe inavyofana. Kifaransa, lugha ya ofisi nchini Kongo, kimegawa kazi: efficacité ni kufikia lengo, efficience ni kulifikia bila kufuja mali. Sisi tumeutwisha ufanisi mizigo yote miwili, nami sioni kasoro hapo.

Kuona kwa nini, tazama Uvira, mji wa Kongo ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Bujumbura. Maji ya bomba huletwa na Regideso, shirika la umma. Umeme ukikatika pampu husimama, robine hukauka, na bidoni huelekea ziwani na mitoni. Mwaka 2015 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchunguzi wa rekodi za mji huo za miaka ya 2009 hadi 2014, uliolinganisha maji yaliyozalishwa kila siku na wagonjwa waliopokewa katika kituo cha kipindupindu. Siku isiyo na maji kabisa, ikilinganishwa na siku ya uzalishaji mzuri, iliambatana na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata. Karibu asilimia 23 ya wagonjwa wote walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba.

Sasa fungua daftari la mhasibu wa Regideso. Pampu ikizimwa, dawa ya kusafishia maji haitumiki na bili ya umeme haipandi. Kwake ni siku ya nafuu! Hasara imehamia daftari la hospitali. Frederick Taylor, aliyechapisha kanuni zake za usimamizi mwaka 1911, alipima kazi za viwandani kwa saa mkononi. Lakini huduma ya umma haina ukuta wa kiwanda: hasara yake huwaangukia walio nje ya daftari.

Basi mfasiri wa ripoti aandike "tija" panapopimwa kinachopatikana dhidi ya kilichotumika, na "kubana matumizi" panapopunguzwa gharama tu. "Ufanisi" asiuandike kabla maji hayajafika bombani.