Buibui wa Redon na Chemosit wa Roret

Mwaka wa 1881 mchoraji Mfaransa Odilon Redon alichora kwa makaa buibui mweusi mwenye manyoya, kisha akampa uso wa mtu. Buibui yule anatabasamu, tena kwa meno. Ukihesabu miguu yake utapata kumi, si minane. Hebu mtazame usiku ukiwa peke yako uone kama utalala.

Redon alizaliwa Bordeaux mwaka wa 1840. Kwa miaka mingi aliziacha rangi, akafanya kazi kwa weusi mtupu, na michoro hiyo akaiita "noirs", yaani vyeusi. Wanahistoria humweka katika mkondo wa Usimboli, ingawa tangazo la mkondo huo, la mshairi Jean Moréas, lilitoka mwaka wa 1886 katika Le Figaro (naam, gazeti la kila siku kama hili). Buibui alitangulia jina kwa miaka mitano.

Kwa msomaji wa Roret, makaa ni ya jikoni na ya kibuyu. Wakipsigis huchoma kijiti cha senetwet na kusugulia ndani ya sotet ili mursik ikae na inukie. Lakini kiumbe wa aina ya buibui yule wanaye tangu zamani, ila hakuchorwa kwa makaa. Alichorwa kwa maneno.

Huyo ni Chemosit. Nusu mtu, nusu ndege; mguu mmoja, makalio tisa, na mdomo mwekundu unaowaka usiku kama taa. Hutembea akiegemea fimbo mfano wa mkuki. Huwanasa watoto kwa kuimba: wakiona mwanga na kusikia wimbo, hudhani kuna ngoma, wakamwendea. Hapa ndipo anapokutana na buibui wa Redon. Meno peke yake hayatoshi kutisha. Kinachotisha ni ule ukarimu, tabasamu kule, wimbo huku.

Maelezo hayo yamo katika kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wanandi, ndugu wa karibu wa Wakipsigis, kilichochapishwa Oxford mwaka wa 1909. Hollis alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, na Koitalel Samoei alikuwa ameuawa na maafisa wa serikali hiyo hiyo Oktoba 1905. Basi zimwi la watoto wetu liliingia maktabani kwa Kiingereza, kwa mkono wa mtawala, miaka minne tu baada ya mauaji hayo.

Nimesema "zimwi", na hapo nimekosea kidogo. Zimwi ni wa ngano za pwani, na hana mguu mmoja wala mdomo wa taa. Mfasiri akifika kwa Chemosit, amwachie jina lake. Mchoro wa Redon umehifadhiwa Paris, wenye sahihi yake. Chemosit hana karatasi. Ana nyanya na moto wa jioni, na siku hizi jioni nyingi za Roret ni za runinga.