Kiti cha Ofisi: Kipya au Kilichokarabatiwa? Uchaguzi, Aibu na Haki ya Kurudisha



Maswali ya vitu vilivyotumika kutoka nje si mageni kwetu. Kwa kawaida huwa ni magari, mafriji na simu, na sasa kimeingia kiti cha ofisi. Vijana wetu wengi, wa kike na wa kiume, wanafanya kazi za kompyuta nyumbani, kuanzia vyumba vya juu vya Mji Mkongwe hadi Fumba, na wanakaa masaa manane na zaidi kwa siku juu ya kiti cha plastiki. Mgongo ukishauma hadi mtu anaswali kwa kukaa, familia hukusanya pesa kumtafutia kiti cha maana. Hapo hukutana na njia mbili: kipya cha bei ya kutisha, au kilichokarabatiwa chenye jina lile lile kwa bei ya chini sana.

Wazee huuliza kwanza: je, si israfu hiyo? Israfu hupimwa kwa haja ya mtu na uwezo wake. Anayetafuta riziki yake akiwa amekaa, kiti kwake ni kama ngalawa kwa mvuvi. Akikinunua ili wageni waone jina lililoandikwa nyuma, hapo wazee wana haki ya kusema.

Viti vinavyotajwa sana ni Aeron cha Herman Miller, kilichotoka mwaka 1994, na Leap cha Steelcase, kilichotoka mwaka 1999. Kampuni zote mbili ni za Marekani. Vikiwa vipya, huko kwao vinauzwa zaidi ya dola 1,000 kimoja, na sehemu kubwa ya kiti huwa na dhamana ya miaka 12. Dhamana hiyo ni ya mnunuzi wa kwanza. Anayenunua kilichokarabatiwa hana dhamana ya kiwanda, hata akiambiwa kwamba miaka 12 haijaisha. Alichonacho ni neno la muuzaji na risiti yake.

Kwa nini basi tusiseme moja kwa moja kwamba kipya ndicho bora? Kwa sababu viti hivi vimeundwa vipande vyake vibadilishike. Kampuni za Ulaya, Marekani na Ghuba zikifunga au kuhama ofisi, viti huuzwa kwa jumla. Mafundi hubadilisha bomba la gesi, magurudumu na mikono, wakaviosha, vikaingia sokoni tena. Kiti cha aina hii chenye miaka kumi, kikikarabatiwa kwa uaminifu, mara nyingi kinamzidi kipya cha dukani cha bei hiyo hiyo chenye sponji nene na ngozi ya bandia. Ngozi ya bandia kwa joto na unyevu wa hapa kwetu humenyeka kama ganda la kitunguu. Wavu unapitisha hewa na haumenyeki. Wala si jambo geni: viti vya enzi vya mababu zetu, vile vya kumkalisha mgeni mheshimiwa, navyo vilisukwa kikalio na mgongo.

Ukifika dukani, kipindue kiti. Chini ya kikalio tafuta karatasi ya kiwanda yenye tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa imebanduliwa, uliza kwa nini. Aeron ina saizi tatu, A, B na C, na alama yake ni vidoto unavyovipapasa kwa kidole nyuma ya ukingo wa juu wa mgongo: kimoja ni A, viwili ni B, vitatu ni C. Mtu mwembamba akikaa kwenye C mgongo wake haupati msaada wowote, hata kiti kiwe cha dhahabu. Kipandishe hadi juu kabisa, kikalie robo saa huku mnazungumza bei. Kikishuka chenyewe, bomba la gesi limekwisha. Hilo hubadilishwa na si sababu ya kuondoka, ila bei ishuke nalo. Angalia pia kutu kwenye skrubu na chuma cha chini, kwa maana kontena limepita baharini na nyumba nyingi za mjini zinapigwa na upepo wa chumvi. Ikiwa sakafu yako ni ya vigae, taka magurudumu laini, kwani yale magumu yametengenezwa kwa zulia.

Sasa upande wa sharia, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki zao.

Muuzaji anawajibika kuitaja aibu anayoijua, aulizwe asiulizwe. Imepokewa katika Swahiyh Muslim kwamba Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta unyevu chini yake. Mwenyewe akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, na akajitenga na mwenye kughushi. Wanazuoni wakasema wajibu huo unamgusa hata asiyekuwa muuzaji, akiwa anaijua aibu. Madalali wetu walisikie hilo.

Lakini aibu ni ipi kwa kitu kilichotumika? Imaam An-Nawawiy katika Al-Minhaaj ameiweka kuwa ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake, kwa kiasi cha kukosesha lengo lililo sahihi, iwapo kwa kawaida kitu cha aina ile hakiwi hivyo. Shikilia sharti la mwisho. Mikwaruzo kwenye mikono ya kiti kilichouzwa kama kilichotumika si aibu, maana ndivyo vilivyo. Kiti kinachoshuka chenyewe, wavu uliochanika ukagundishwa kwa ndani, au mguu uliopasuka ukapakwa rangi, hizo ni aibu. Na kiti kilichotumika kikauzwa kwa jina la kipya, huo ni udanganyifu kamili. Hukmu yake iko karibu na ya mnyama aliyefungwa chuchu siku kadhaa ili aonekane ana maziwa mengi, jambo lililokatazwa katika Hadiyth. Wanazuoni wetu wakalinganisha nalo yule anayezuia maji ya kinu kisha akayafungulia wakati wa kuuza. Mnunuzi ana khiyari ya kurudisha.

Je, kibao cha “bidhaa ikishauzwa hairudishwi”? Kwa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi‘iy, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kuwa muuzaji akijivua na aibu zote hatoki kwenye jukumu, isipokuwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Kiti si mnyama. Kibao kile kinamzuia mtu aliyebadili mawazo tu, hakimzuii aliyeuziwa ubovu.

Upande wa pili wa mizani ni huu: haki hiyo ni ya papo hapo. Ukigundua aibu, rudisha kwa haraka ya kawaida ya watu. Ukiwa katika Swala, maliza. Ukiwa unakula, maliza. Ikiwa ni usiku, ngoja kuche. Na uache kukitumia. Aliyegundua Jumatatu, akaendelea kukikalia wiki mbili kwa sababu ana kazi ya kumaliza, amekiridhia, na hana tena haki ya kurudisha. Asiyejua kwamba ni lazima kuharakisha hupewa udhuru, kwa kuwa jambo hili linafichika kwa watu wengi. Wewe uliyesoma hapa, udhuru huo umekuondoka. Mpigie muuzaji au mtumie ujumbe saa ile ile, ubaki kuwa ushahidi, kisha kipeleke.

Kikivunjika kitu kingine mikononi mwako, mathalan kiliangushwa kwenye ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, humlazimishi muuzaji kukipokea hivyo hivyo. Akikubali, sawa. Asipokubali, mtapatana: ama urudishe pamoja na fidia ya ulichoharibu, au ubaki nacho akurejeshee tofauti ya thamani kwa aibu ya mwanzo.

Kwa hiyo tunashauri ushike mambo mawili kabla ya kulipa. Maadamu hamjaachana pale dukani, kila mmoja ana haki ya kuvunja mauzo, basi usitoke haraka. Na shurutisha khiyari ya siku tatu, ndiyo mwisho wake katika madhehebu yetu, ukijaribu nyumbani kwenye meza yako. Muuzaji mkweli hatoona tabu. Andikeni kwenye risiti: kimetumika, kimebadilishwa kitu gani, siku tatu.

Kuhusu kununua kwa picha ya simu kutoka Dar es Salaam au Dubai: kiti maalumu kilichotumika ambacho hukukiona, kwa kauli yenye nguvu ya Kishafi‘iy mauzo yake hayasihi, na picha si kuona. Mahanafi wanajuzisha na kumpa mnunuzi khiyari akishakiona. Njia nyepesi ni kumwakilisha mtu unayemuamini akakione akununulie, au mfunge mauzo kiti kikifika. Ikiwa huna mtu na lazima uagize, hapo ndipo tunapopendelea kipya kwa wakala anayejulikana, kinachoelezeka kwa sifa zake zote na chenye dhamana kwa jina lako. Vilevile kwa mwenye uzito mkubwa au maradhi ya uti wa mgongo aliyeandikiwa kiti na daktari, aende kwenye kipya akiweza.

Mkikhitilafiana, msikimbilie kwa Kadhi. Mahakama ya Kadhi Zanzibar inashughulikia ndoa, talaka, matunzo, mirathi na wakfu, si mauzo ya dukani. Anzeni na suluhu mbele ya mtu wa mtaa anayeheshimika na fundi anayevijua viti, kisha kuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na mahakama za kawaida. Risiti yenye maneno yale matatu ndiyo mtakayoulizwa.

Wa Allaahu A‘lam.