Waifai ya nyumbani: neno la siri tunalolisahau

Mwezi mzima nilidhani vijana wa mtaani wameipenda baraza yetu kwa sababu ya upepo. Tunakaa Mji wa Kale, Mombasa, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na jioni baraza haikosi watu. Lakini hawa walikaa hadi saa sita za usiku, kila mmoja ameinamia simu yake, na ndani kwangu intaneti inakwama. Siku nilipofungua ukurasa wa ruta nilihesabu simu 17. Nyumbani tuko watano.

Hakuna aliyevunja kitu. Mpwa wangu alimpa rafiki neno la siri, naye akampa mwenziwe. Simu za siku hizi hulitoa neno hilo kwa mchoro wa kupiga picha tu, kwa hivyo ukishampa mmoja, umewapa wote.

Kuliwa intaneti si kitu. Kilichonitia hofu ni ruta yenyewe, kwa sababu ina maneno mawili ya siri: la kuingia kwenye waifai, na la kuingia kwenye mipangilio yake. La pili wengi hatujaligusa tangu fundi alipoondoka. Mara nyingi bado ni lile la kiwandani, "admin" kwa "admin". Aliyekwisha kuingia kwenye waifai yako akiandika 192.168.1.1, au nambari iliyo kwenye kibandiko cha ruta, anaweza kubadilisha mipangilio ili ukitafuta tovuti ya benki upelekwe kwenye ukurasa bandia. Anza kubadilisha hilo, hata kabla ya la waifai.

Ukiwa humo humo, chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama ruta yako ni ya zamani kidogo. WEP iache kabisa; udhaifu wake umejulikana tangu 2001. Kisha zima WPS. Nambari yake ya siri ina tarakimu 8, lakini mwaka 2011 ilibainika kuwa ruta huikagua nusu nusu, hivyo majaribio kama 11,000 yanatosha kuipata. Kompyuta haichoki kujaribu.

Kuna wanaokushauri ufiche jina la waifai. Mimi sioni faida yake, maana programu za bure hulionyesha. Afadhali neno refu, maneno manne yasiyohusiana, wala si nambari yako ya simu.

Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inampa anayeingia bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Lakini nani atampeleka mtoto wa jirani polisi? Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, uliotengwa na vifaa vya nyumbani. Mmoja wa wale vijana anasoma chuo. Huyo nimempa neno la wageni, nami hulibadilisha kila mwezi.