Lemera na Mafunzo ya Waliowatibu Watoto

Kongo ilipojitawala mwaka 1960 haikuwa na madaktari Wakongo, bali wasaidizi wa tabibu, yaani watu waliofunzwa tiba na Wabelgiji bila kupewa shahada ya udaktari. Wengi wao walipelekwa Ufaransa kukamilisha masomo, huku watoto wagonjwa wa vijijini wakibaki mikononi mwa wauguzi.

Katika milima ya Uvira, hospitali ya Lemera, iliyoanzishwa na wamisheni Wapentekoste wa Uswidi, inaonyesha jinsi kazi yenyewe ilivyoelekeza masomo. Denis Mukwege, aliyesomea udaktari Burundi akinuia kutibu watoto, alifika hapo miaka ya 1980, na alipoona jinsi akina mama walivyoumia na kufa katika kujifungua, alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea ukunga na magonjwa ya wanawake. Hakuwaacha watoto, kwa kuwa usalama wa kichanga huanzia kwa anayemzalisha mama. Oktoba 1996 hospitali ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa.

Miaka hiyohiyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalitunga utaratibu ambao Wakongo huuita PCIME, kwa kifupi cha Kifaransa, yaani kumchunguza mtoto kwa ujumla badala ya kutafuta ugonjwa mmoja. Kozi yake kamili, ya siku 11, humfunza muuguzi aliye kazini kuhesabu pumzi kwa dakika nzima: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, au 50 au zaidi kwa aliye na miezi 2 hadi chini ya mwaka, huweza kuwa dalili ya nimonia inayotambulika hata pasipo mashine ya eksirei.