Hadithi Njema ni ya Wote

Kila mwalimu wa Kiswahili aijua desturi ya kufungulia hadithi. Msimulizi huita "Paukwa!", nao wasikilizaji huitika "Pakawa!" Asipoitikiwa, haendelei. Desturi hiyo yatuonyesha kwamba hadithi ya mdomo, tangu neno lake la kwanza, haikuwa mali ya mtu mmoja.

Mwaka 1864 Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliwasili Unguja. Katika kujifunza lugha aliwasikiliza wenyeji, akaziandika kwa herufi za Kirumi hadithi walizomsimulia. Mwaka 1870 zilipigwa chapa London, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza, katika kitabu kiitwacho Swahili Tales. Humo imo hadithi ya Sultani Darai, ya punda wa dobi, na ya Goso mwalimu. Hapana shaka kazi hiyo ilituachia hazina. Lakini Steere mwenyewe alieleza katika dibaji yake kwamba hadithi za wenyeji zilikuwa na viitikio vilivyoimbwa na watu wote, na kwamba mara nyingi kiini cha hadithi kilikuwa katika viitikio hivyo, msimulizi akiviunganisha kwa maneno aliyoyatunga papo hapo. Kalamu iliweza kuyahifadhi maneno. Sauti za waitikaji haikuweza.

Tuitazame hadithi ya Goso. Mwalimu huyu alikuwa akiwasomesha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa alipanda mtini kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka likamwua Goso. Wanafunzi wakatoka kumtafuta mwenye hatia. Wakaukamata upepo wa kusi. Upepo ukajitetea kwamba kama ungekuwa na nguvu, usingezuiwa na kiambaza. Kiambaza kikamtaja panya akitoboaye, panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba ikakitaja kisu. Mambo yakaendelea hivyo kwa moto, maji, ng'ombe na papasi, hata wakafika kwa paa. Paa akakosa la kusema, wakamwua.

Miaka tuliyoanza kufundisha hapa Rwanda, marudio ya hadithi hii tuliyaona kuwa kasoro. Kila mshtakiwa anaposhikwa, shtaka lile lile hutajwa upya. Basi tukaifupisha ubaoni kwa mistari sita na kuuliza maswali matano. Wanafunzi walijibu sawasawa, na juma lililofuata hakuna aliyekumbuka kisu wala papasi. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumekiondoa kile ambacho hadithi ilitungwa kwacho, yaani nafasi ya msikilizaji kuingia.

Mwaka uliofuata tulikifunga kitabu, tukasimulia. Hata tulipofika kwa panya, darasa lilikwisha kulishika shtaka na kulitamka pamoja nasi. Tulipoisahau kamba, wanafunzi walitupigia kelele wakaturudisha nyuma. Mmoja wao, ambaye hakuzoea kufungua kinywa kwa kuogopa kukosea ngeli, aliomba amalizie yeye. Alikosea ngeli mara kadhaa, wala hapana aliyemcheka, kwa kuwa wote walikuwa wakimngoja paa. Kisha akafunga kwa Kiswahili, lakini kwa desturi ya masimulizi ya Kinyarwanda: kwamba si yeye akomaye, bali hadithi ndiyo ikomayo.

Maneno yale yalitukumbusha desturi ya pwani, ambako msimulizi hufunga kwa kusema kwamba hadithi ikiwa njema ni ya watu wote, na ikiwa mbaya ni ya aliyeitoa peke yake. Pwani na milimani, msimulizi hujiondoa ili hadithi ibaki na wenziwe.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, nacho kwa wanafunzi wetu wengi ni lugha ya kujifunza shuleni. Mwanafunzi wa namna hiyo ahitaji mahali pa kulirudia neno mara kumi bila ya kuona haya, na hadithi ya mapokeo humpa mahali hapo. Hatusemi vitabu viwekwe kando. Bila ya kitabu cha mwaka 1870, huenda Goso asingetufikia. Twasema tu kwamba yatupasa walimu tuzirudishe midomoni hadithi zilizotoka midomoni. Somo la ufahamu na lingoje hadi kesho yake. Siku ya kwanza, mwalimu na aite "Paukwa!", kisha anyamaze mpaka aitikiwe.