KISU KINA MAKALI, ALIYEKIFUA HANA JINA

Mtu wangu, kuna kipindi cha Marekani kinaitwa Forged in Fire, kilianza kurushwa 2015. Wanaingia wahunzi wanne, wanapewa chuma, moto na muda, halafu visu vyao vinajaribiwa mpaka abaki mmoja. Vipande vyake vimejaa YouTube na vijana wa Bongo tunavicheki mpaka bando linakata. Sasa swali dogo tu: mtaje mhunzi mmoja wa Kitanzania kwa jina lake. Mmoja.

Umeona? Kimya.

Na sio kwamba visu hatuna. Nenda Mwenge kwenye vinyago leo. Katikati ya simba, twiga na wazee wa mpingo utakuta sime za Kimasai ndani ya ala nyekundu za ngozi, zimepangwa pamoja na mikuki na ngao. Mgeni anachomoa moja, anaigeuza, anapiga picha, anaanza kuomba punguzo. Akiuliza nani katengeneza, anajibiwa "Wamasai". Yaani kabila zima limekaa chini likafua kisu kimoja!

Leo tupige stori ya hao watu wasio na majina, maana historia yao ni nzito kuliko tunavyodhani.

Mwanzo tuliletewa

Kuna kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, kinaitwa Periplus. Mwandishi wake hajulikani, kwa hiyo hata yeye ni mwenzetu kwenye stori hii. Anautaja mji wa biashara uitwao Rhapta, wa mwisho kabisa kwenye pwani hii yetu. Wanahistoria bado wanabishana ulikuwa wapi hasa, ila wengi wanautafuta kwenye pwani ya Tanzania. Anaorodhesha bidhaa zilizoletwa: mikuki iliyotengenezwa Muza kule Yemen, mashoka, visu vidogo na vioo. Wenyeji walitoa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa.

Ruka mpaka karne ya 12. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyefanya kazi kwa mfalme wa Sicily na kumaliza kitabu chake 1154, anaandika habari tofauti kabisa. Anasema watu wa Malindi wana machimbo ya chuma na wanakiuza. Anasema pia chuma cha Sofala kinanunuliwa na Wahindi, na Wahindi ndio mafundi wa kukigeuza kuwa panga.

Ndani ya miaka elfu moja na ushee, pwani iliyokuwa ikiletewa visu ikawa inauza chuma nje. Ila ukisoma vizuri utaona kitu kinauma kidogo: chuma kimetoka huku, sifa ya upanga imeenda kwa aliyeufua kule. Shika hilo, tutalirudia.

Wahaya waliwasha moto, maprofesa wakashangaa

Mwaka 1978 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu Buhaya, mkoa wa Kagera. Wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma. Walitumia udongo wa kichuguu, shimo lenye matete ya kinamasi yaliyochomwa, mkaa, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi inayosukuma hewa ndani kupitia mirija ya udongo. Watafiti waliripoti kuwa joto lilikaribia nyuzi 1,800 za Selsiasi. Kilichotoka kilikuwa na kaboni ndani yake, yaani chuma cha pua, kile kinachoshika makali.

Tanuri za kale zilizochimbuliwa karibu na Ghuba ya Kemondo zina umri wa kama miaka 1,500 mpaka 2,000. Wataalamu wengine walikuja kubishana na Schmidt kuhusu jinsi hewa ilivyopata moto ndani ya ile mirija. Ila kwamba watu wa huko walikuwa wanayeyusha chuma chao wenyewe enzi hizo, hapo hakuna ubishi.

Kule Ufipa, mkoa wa Rukwa, walikuwa na lao. Tanuri zao, malungu, ni ndefu kuliko mtu, na zilivuta hewa zenyewe kama dohani bila mtu kusukuma mivukuto. Baadhi ya mabaki yake bado yamesimama mpaka leo.

Sasa angalia. Majina ya wale maprofesa wawili unayapata kwa sekunde moja ukigugo. Majina ya wazee waliojua kila hatua kichwani bila kuandika popote? Hapo itabidi uchimbe kama unatafuta hilo tanuri lenyewe.

Huku mfalme, kule mtu wa kuepukwa

Mhunzi hakuchukuliwa sawa kila mahali. Karagwe, jirani na Buhaya, nyundo ilikuwa alama ya ufalme. Hazina ya mfalme Rumanyika, aliyetembelewa na Wazungu karne ya 19, ilikuwa na nyundo za chuma na sanamu ndogo za ng'ombe za chuma. Kufua chuma na kutawala vilikwenda pamoja.

Kwa Wamasai mambo yalikuwa kinyume. Wahunzi wao ni ukoo wa pembeni, Il-kunono. Walioandika habari za Wamasai mwanzoni mwa karne ya 20 wanasema ukoo huu ulitengwa, watu wengine hawakuoana nao, na aliyepokea silaha kutoka mikononi mwa mhunzi alijipaka mafuta mikononi kwanza. Fikiria hiyo. Sime ndiyo fahari ya morani, hatembei bila hiyo, lakini mkono ulioitengeneza hataki kuugusa.

Na sime sio kitu cha kubahatisha. Karibu na mpini ni nyembamba, kisha inatanuka kuelekea kwenye ncha, hivyo uzito unakaa mbele na ukipiga inazama yenyewe. Mpini umevikwa ngozi ili usiteleze mkononi. Hiyo ni hesabu ya fundi aliyekaa miaka mingi mbele ya moto.

Pwani nako kulikuwa na mafundi wakubwa. Siyu, kisiwani Pate karibu na Lamu, kulisifika kwa panga, majambia na kazi za ngozi. Umaarufu wake umebaki ni wa mji, sio wa fundi. Na wenzetu wa Oman, waliotawala Zanzibar, wana hanjari, jambia lililopinda ambalo liko kwenye bendera yao tangu 1970. Mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wa hanjari kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Aina mojawapo inayoheshimika sana inaitwa Saidi, kwa jina la ukoo unaotawala, Al Said, ukoo uleule wa masultani wa Zanzibar. Jina likapatikana, ila ni la mvaaji.

Tanuri likazimika, springi ikaingia

Chuma na majembe ya kiwandani kutoka Ulaya vilipojaa sokoni, kuyeyusha mawe hakukulipa tena. Tanuri zikazimika moja baada ya nyingine. Wahunzi hawakufa ila, wakahamia kwenye vyuma chakavu. Springi ya lori ikawa panga, tupa iliyochakaa ikawa kisu. Usidharau: springi ya gari ni chuma kizuri cha pua, na mhunzi wa kitaa anajua ipi ikizamishwa kwenye oili inakuwa ngumu na ipi itapasuka. Hilo hakufundishwa darasani.

Enzi za Ujamaa serikali nayo ikaingia. Ubungo, hatua chache tu kutoka Mwenge, kikajengwa kiwanda cha zana za kilimo kwa msaada wa Wachina, kile tunachokiita UFI. Majembe na mapanga yakatoka kwa mashine, na jina lililogongwa juu yake lilikuwa la kiwanda. Baadaye kiwanda kikadorora. Mhunzi wa mtaani, asiye na jengo wala bango, yupo mpaka leo.

Na hapo Mwenge anategemewa kuliko mgeni anavyojua. Mchongaji wa Kimakonde bila tezo na patasi zenye makali hafanyi kitu. Mpingo ni mgumu balaa, mzito mpaka unazama kwenye maji. Chuma legevu kinapinda, chuma kigumu kupita kiasi kinamegeka. Kwa hiyo ukitaka watu wanaojua kisu kizuri hapa Dar, usiwatafute Insta tu. Watafute hawa wanaopima makali kwa kidole gumba kabla ya kutoa hela.

Wenzetu wanagonga jina

Marekani kila mwaka kuna maonyesho makubwa ya visu Atlanta, yanaitwa Blade Show. Mafundi wanapanga visu mezani, mashabiki wanapita wakishika, wakinusa mpini, wakiuliza chuma gani na kimepashwa vipi. Mwaka 1973 Bill Moran alipeleka kwenye maonyesho kama hayo visu vya chuma cha tabaka tabaka, kile chenye mistari kama mawimbi, na wapenzi wa visu wakachanganyikiwa. Mwaka 1976 akaanzisha chama cha wahunzi ambacho mtihani wake wa vitendo sio mchezo. Kisu chako kikate kamba nene ya inchi moja inayoning'inia kwa pigo moja, kitemange mbao, bado kiweze kunyoa nywele za mkono, halafu kibanwe kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90 bila kuvunjika.

Kuna mwingine, Bob Loveless, aliyefariki 2010. Visu vyake vinauzwa maelfu ya dola, na wakusanyaji wanaangalia kabisa nembo gani imegongwa, maana nembo inabadilisha bei. Chuma ni kilekile, jina ndilo linaongeza sifuri.

Na sehemu ya hivyo visu vya bei mbaya unajua mpini ni wa nini? Mpingo. Mti wetu, wa Lindi na Kilwa, uleule unaotengeneza klarineti za Ulaya. Unachukua kama miaka 70 mpaka 100 kukomaa. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha uvunaji bora wa misitu tangu 2009. Ni al-Idrisi anajirudia: mali inatoka huku, jina linaandikwa kule.

Inawezekana, tumeshawahi

Usiseme haiwezekani Bongo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, akafariki 1972, na miaka hiyo michache ilitosha jina lake kuwa jina la mtindo mzima duniani. Kwenye vinyago, Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, na kazi za George Lilanga ziko kwenye majumba ya sanaa ya nje. Hawa wote walitoka kusini bila kitu, wakaja hapa hapa mjini, na kazi zao zikabeba majina.

Mhunzi peke yake ndiye aliyebaki nje. Sababu moja naiona ni kwamba kazi yake tunaitumia mpaka inaisha. Kinyago unakiweka sebuleni, kisu unakatia vitunguu. Sababu nyingine ni ile dharau ya zamani, ya kutaka sime bila kutaka mkono wa aliyeifua.

Dawa yake haihitaji wizara wala mfadhili. Ni muhuri mdogo wa chuma, herufi mbili tatu, unaogongwa kwenye bapa la kisu likiwa bado jekundu, karibu na mpini. Mgeni akiuliza nani katengeneza, muuzaji anaonyesha. Mteja mwingine akirudi mwakani anaulizia huyo huyo, na bei haiwi tena ya kapu moja na bangili.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kwa miaka elfu mbili tumemsifia mwenye kisu. Aliyekitia makali bado anasubiri zamu yake mezani.

Nakuachia swali: mtaani kwenu, nani anafua visu? Dondosha hapo chini mtaa na jina analoitwa, ila muulize mwenyewe kwanza kama anapenda kutajwa. Tuanze orodha.